Mzee, Tiba Hii Utaimaliza?

Leo nina neno na mzee aliyetoka kliniki na karatasi mkononi, na karatasi hiyo inasema ana saratani ya tezi dume, tena ile ya hatari kubwa. Nina neno pia na mkewe, na kijana wao wa Nairobi au wa Doha ambaye ameshafungua kikundi cha WhatsApp cha mchango kabla hata baba hajaelewa anaumwa nini. Hapa kwetu Eldoret tiba ni uamuzi wa ukoo mzima. Kuna wa kuuza ng'ombe, kuna wa kulala naye mjini, na kuna shemeji muuguzi ambaye kauli yake inapita ya daktari. Basi ni vyema nyote mkae karibu na redio.

Tuisome karatasi kwanza. Kitu cha kwanza ni PSA, kile kipimo cha damu. Ikizidi 20, saratani inahesabiwa kuwa ya hatari kubwa. Cha pili ni alama ya Gleason, na hapa ndipo watu wengi hubabaika. Daktari akishachukua vinyama kwenye tezi kwa sindano, mtaalamu wa maabara huviangalia kwa darubini na kuvipa alama mbili, kulingana na jinsi chembe zilivyovurugika. Akiandika 4+4=8, au 4+5=9, hiyo ni saratani kali. Njia hiyo ilibuniwa na Donald Gleason, daktari wa Minneapolis kule Marekani, katika miaka ya 1960, na mpaka leo ndiyo inayotumika. Ile 9 si asilimia, wala si idadi ya miaka aliyobakiza mzee. Kitu cha tatu ni kama uvimbe umeshapenya ganda la tezi, jambo ambalo daktari hulitambua kwa kidole au kwa picha ya MRI. Likiwepo moja tu kati ya hayo, umeingia kundi la hatari kubwa.

Hatari kubwa haina maana kwamba ugonjwa umesambaa. Ndiyo sababu daktari atakutuma CT na skani ya mifupa, na mwenye uwezo ataambiwa afuate kipimo cha PET Nairobi. Usione kama ni kuzungushwa. Ikionekana imeshafika kwenye mifupa, mpango ni mwingine kabisa, na tutauzungumza siku yake. Neno moja tu juu ya hilo: mzee mwenye ugonjwa huu akishikwa ghafla na udhaifu wa miguu, au mkojo ukakwama pamoja na maumivu makali ya mgongo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo ukibanwa, saa zinahesabiwa.

Vinginevyo, muda upo. Saratani hii ni ya kutibiwa bila uzembe, lakini si ya kukimbizana nayo usiku wa leo. Wiki tatu au nne za kuuliza, kulinganisha na kupanga haziharibu kitu. Nasema hivyo kwa sababu familia nyingi hutumia wiki hizo kutafuta pesa peke yake, na swali la pesa hizo zinakwenda kununua nini halipati mtu wa kuliuliza.

Njia ni zipi? Ya kwanza ni kisu: daktari wa njia ya mkojo anaitoa tezi yote pamoja na tezi za limfu zilizo jirani. Wengi wanaipenda kwa sababu uvimbe unatoka, unaonekana, unapelekwa maabara. Kwa mzee mwenye nguvu, asiye na ugonjwa wa moyo, na ambaye uvimbe wake haujashikana na viungo vingine, ni njia halali. Lakini aambiwe ukweli mapema: saratani ya hatari kubwa mara nyingi huwa imeshachungulia nje ya ganda, kwa hiyo baada ya kisu huenda akahitaji mionzi pia, na pengine dawa za kuzima homoni ya kiume. Mkojo unaweza kumvuja kwa miezi, wengine kwa miaka. Nguvu za kiume hupungua au kuisha.

Njia ya pili ni mionzi pamoja na dawa za kuzima homoni ya kiume. Msikilizaji, hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoangukia.

Saratani ya tezi dume inaishi kwa homoni inayotengenezwa hasa na korodani. Charles Huggins, daktari wa Chicago, alilionyesha hilo mwaka 1941: alipowaondolea wagonjwa homoni hiyo, saratani ilisinyaa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sindano wanazochomwa wazee wetu leo, nyingine kila mwezi, nyingine kila miezi mitatu, zinafanya kazi ile ile. Na zinafanya kazi haraka. Mzee aliyekuwa na PSA ya 60 anachomwa, anarudi baada ya miezi mitatu, PSA imeshuka hadi 1. Mkojo unatoka vizuri. Usingizi umerudi. Anawaambia watu wa kanisa lake kwamba amepona, na mchango wa mionzi unafia hapo.

Hajapona. Kuzima homoni peke yake ni kukata magugu usawa wa ardhi: shamba linapendeza, lakini mizizi imebaki. Siku moja saratani inajifunza kuishi bila homoni, na ikirudi hairudi kwa upole.

Ushahidi wa jambo hili hauna utata. Madaktari wa Norwei, Uswidi na Denmaki walichukua wanaume 875 wenye saratani iliyokuwa bado haijasambaa, wengi wao ikiwa imeshapenya ganda. Nusu walipewa dawa za kuzima homoni tu, nusu wakapewa dawa hizo na mionzi. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Baada ya miaka 10, karibu 24 katika kila 100 wa kundi la dawa hizo peke yake walikuwa wameuawa na saratani hiyo. Katika kundi lililoongezewa mionzi walikuwa 12. Nusu nzima ya vifo iliondoka.

Na ukigeuza, yaani mionzi bila kuzima homoni? Jaribio la Ulaya lililoongozwa na Michel Bolla, lililochapishwa mwaka 1997, liliwafuatilia wanaume 415. Waliopata mionzi pekee, 62 katika 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliopata mionzi na sindano kwa miaka mitatu walikuwa 79. Kwa hiyo viwili hivi vinakwenda pamoja. Daktari akianza na sindano huku unangoja zamu ya mionzi, huo ni utaratibu wa kawaida kabisa, tena mzuri. Kosa ni kubaki hapo.

Sasa tuje kwenye barabara zetu. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa huku Bonde la Ufa au Magharibi aliyeandikiwa mionzi, na hana pesa za hospitali binafsi, alikuwa na mlango mmoja wa umma: Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Alipanda basi, akalala kwa jamaa Kayole au Kawangware, akapanga foleni ndefu, na mashine ikiharibika akarudi kijijini kungoja simu. Wengi walikata tamaa katikati. Leo mionzi inatolewa hapa hapa Eldoret, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo sisi tunaiita Rufaa, ina kituo cha saratani katika jengo la Chandaria, chini ya ushirikiano wa AMPATH ulioanza na wagonjwa wa Ukimwi mwaka 2001. Wanaokuja ni wa Kitale, Bungoma, Kapenguria, Lodwar, na wengine wanavuka mpaka kutoka Uganda.

Lakini kutoka Lodwar mpaka Eldoret ni safari ya siku nzima, na mionzi ni ya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Watu hawaambiwi mapema inavyokuwa, kwa hiyo nitaeleza. Kwanza kuna siku ya vipimo. Mzee analala chali juu ya meza ngumu ya CT, utumbo umeshatolewa choo, kibofu kimejaa maji. Mtaalamu anamchora vidoa vidogo vya wino kwenye ngozi, kimoja mbele na kimoja kila upande wa nyonga, vidogo kama ncha ya kalamu, navyo havifutiki. Vidoa hivyo ndivyo vitakavyoiongoza mashine kulenga. Kuanzia siku ya tiba, kila asubuhi anakunywa maji kiasi kile kile na kungoja kibofu kijae, kwa sababu kibofu kilichojaa kinausukuma utumbo nje ya njia ya mionzi. Kisha analala pale pale, mashine inamzunguka dakika chache, hasikii chochote, anavaa suruali anaondoka. Wazia sasa mzee huyo ametoka Kapsowar alfajiri kwa matatu, kibofu chake ni dhaifu tayari, na anaambiwa ajikaze nusu saa nyingine. Atafanya hivyo siku tatu. Wiki ya tatu hatakuja.

Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari wa mionzi, kabla ya swali lolote la bei, ni hili: nitahitaji kuja mara ngapi? Zamani jibu lilikuwa mara 37 au 39, karibu wiki nane. Mwaka 2016 jaribio la Uingereza lililohusisha wanaume zaidi ya 3,200 lilionyesha kwamba mara 20, kwa dozi kubwa zaidi kila siku, zinadhibiti saratani sawasawa. Wengi wa wanaume wale walikuwa wa hatari ya kati, hilo tuliseme, na pale tezi za limfu nazo zinapohitaji mionzi daktari anaweza kutaka siku zaidi. Hata hivyo, tofauti ya wiki nne na wiki nane ni tofauti ya kumaliza na kutomaliza. Kukodi chumba Langas au Huruma kwa mwezi mmoja, mkiwa wawili, mara nyingi ni nafuu kuliko nauli ya kila siku, na mzee anapata nguvu. Kama mwezi huo unaangukia wakati wa kupanda au kuvuna mahindi, mwambieni daktari wazi. Sindano inaweza kushikilia ugonjwa miezi miwili mitatu mpaka mahindi yaingie ghalani. Daktari hawezi kupanga kwa ratiba asiyoijua.

Tukija kwenye sindano zenyewe, ziko gharama mbili: ya pesa na ya moyo. Kwa saratani ya hatari kubwa, sindano huendelea kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Ukiruka miezi kwa kukosa pesa, homoni inarudi. Ipo njia ya bei nafuu zaidi, ya mara moja tu: upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, au kutoa nyama yake ya ndani na kuacha ganda ili kwa nje pasionekane pengo kubwa. Mzee anarudi nyumbani mapema, na hatafuti sindano tena maisha yake yote. Najua neno hili linavyosikika huku kwetu, ambako fahali anayehasiwa anajulikana kazi yake inayofuata. Sitamlaumu mwanamume anayelikataa. Ila ajue tofauti iliyopo: sindano ikikoma, kwa wengi homoni hurudi polepole, korodani zikiondoka, hazirudi. Kwa mwenye umri wa miaka 58 anayetarajia kupona kwa mionzi, kungoja sindano zimalize muda wake kuna maana kubwa. Kwa mwenye miaka 76, asiye na uhakika wa pesa za sindano ya Desemba, upasuaji ule unaweza kuwa ndio unaomhakikishia tiba kamili. Ni uamuzi wake. Asiamuliwe na wanawe kwenye simu.

Kuna dawa ya tatu ambayo kijana wa Doha ataisoma mtandaoni: abiraterone, vidonge vinavyozima hata ile homoni kidogo inayotoka nje ya korodani. Matokeo ya jaribio la STAMPEDE la Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalihusu wanaume ambao saratani yao haijasambaa lakini ilikuwa na alama mbili au zaidi za ukali, au ilikuwa imefika kwenye tezi za limfu. Walioongezewa vidonge hivyo kwa miaka miwili, 82 katika 100 walikuwa hai bila saratani kusambaa baada ya miaka sita. Wale wengine walikuwa 69. Ni faida kubwa. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na zipo zinazotengenezwa bila jina kubwa la kampuni, kwa bei iliyoshuka. Inamezwa pamoja na prednisolone, na presha na madini ya damu hupimwa mara kwa mara. Lakini kama pesa ni za kitu kimoja tu, msinunue vidonge mkaacha mionzi.

Na pesa zenyewe? Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, ilianza na shilingi 400,000 za matibabu ya saratani kwa kaya kwa mwaka, na nyingine 150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu, zile za kwanza zikimalizika. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo nenda dawati la SHA la hospitali uulize cha leo, na uhakikishe michango yako haina deni kabla ya siku ya kwanza ya mionzi. Shika maneno mawili hapo: kwa kaya, na kwa mwaka. Kama mama naye anatibiwa saratani, mfuko ni mmoja. Na tiba inayovuka mwaka inaweza kupangwa ili vipimo na mionzi, ambavyo ni vizito, visigongane ndani ya mwaka mmoja na vitu vingine. Mfanyakazi wa jamii wa hospitali anaijua hesabu hii kuliko mtu yeyote kwenye kikundi cha WhatsApp.

Kuna mzee mwingine nisiyetaka kumsahau. Ana miaka 84, moyo umechoka, kisukari kiko juu, na saratani haimsumbui. Huyo daktari anaweza kushauri asifanyiwe lolote kwanza, afuatiliwe, na apewe dawa za kuzima homoni siku atakapoanza kuumwa. Si kutelekezwa. Watoto wakilazimisha mionzi ili majirani wasiseme hawakumjali baba, wanamtesa.

Nyumbani, tiba ya homoni inabadilisha mtu. Joto la ghafla litampanda kifuani hadi usoni, atafungua madirisha usiku wa Julai wenye baridi. Hamu ya tendo la ndoa itapotea, na mke asipoambiwa sababu atadhani amechukiwa. Misuli inapungua, tumbo linaongezeka, sukari inapanda, mifupa inakuwa dhaifu. Daktari aliyetoa sindano bila kumwita mama kliniki amefanya nusu ya kazi. Dawa ya mengi kati ya haya ni mwendo: kutembea kwa kasi karibu kila siku na kunyanyua vitu vizito kwa kiasi, mara mbili tatu kwa wiki. Tafiti zimeonyesha kwamba mazoezi hupunguza uchovu na kulinda misuli ya wanaume walio kwenye tiba hii. Katika jiji hili la wakimbiaji, mzee anayetembea asubuhi kando ya barabara ya Iten hatashangaza mtu.

Kuhusu dawa za miti, nitasema lililo wazi. Gome la mti wa Prunus africana, unaoota katika misitu ya Kakamega na Mlima Elgon, limetumika miaka mingi kwa uvimbe wa kawaida wa tezi dume, na Ulaya wamelinunua mno hata mti huo ukawekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 1995. Uvimbe wa kawaida si saratani. Gome linaweza kuufanya mkojo utiririke huku saratani ikiendelea na shughuli zake. Kama mzee anakunywa, asimfiche daktari.

Wako watu maarufu waliopita njia hii hadharani. Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi ya wiki saba mwaka 2001, akafariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 95. Anyang' Nyong'o alitangaza saratani yake ya tezi dume akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, akatibiwa Marekani, na mwaka 2017 akachaguliwa Gavana wa Kisumu. Siyataji majina haya ili useme wao walikuwa na pesa. Ninayataja kwa sababu walisema, na wanaume wetu wengi hawasemi.

Jambo la mwisho ni PSA ya baadaye, maana hapo napo pana kutoelewana. Aliyetolewa tezi kwa kisu, PSA yake inatarajiwa kushuka karibu na sifuri; ikifika 0.2 na kuendelea kupanda, arudi mapema, mionzi bado inaweza kumwokoa. Aliyepata mionzi tezi yake bado ipo, kwa hiyo PSA haiishi kabisa. Wasiwasi unaanza inapopanda 2 juu ya kiwango cha chini kabisa ilichowahi kufika. Namba moja peke yake haitoshi kwa yeyote kati yao. Nunua daftari, andika kila PSA na tarehe yake, tarehe ya kila sindano, na jina la maabara, kisha uende nalo kila kliniki, kwa sababu daktari utakayemkuta mwaka kesho huenda asiwe yule wa leo.